Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Waandishi wa Hadithi Fupi

Ndugu wajumbe wa kamati, wazee wetu, ndugu wanachama,

Nawashukuru mliofika. Mkutano ulitangazwa saa tatu na tumeanza saa tano kasoro, tukingoja akidi. Hilo mmeliona wenyewe.

Shughuli za kawaida mnazijua. Vikao vya kusomeana miswada vilifanyika kila mwezi isipokuwa Ramadhani. Semina ya mazungumzo ya wahusika ilifanyika Juni, ikasaidia: makonda wa daladala katika hadithi zetu hawaongei tena kama wasoma taarifa ya habari. Mkusanyiko wetu wa hadithi ulitoka Septemba.

Kuhusu huo mkusanyiko naomba mnivumilie, maana maneno yamekuwa mengi.

Ni kweli kamati iliondoa aya ya mwisho katika hadithi saba. Kura zililingana, tatu kwa tatu, na katiba inampa mwenyekiti kura ya uamuzi. Niliitumia, na ningeitumia tena. Tulichokata ni ile aya ya "ndugu msomaji, tunajifunza kuwa…" Chukueni hadithi ya kijana aliyeuza kiwanja cha mama yake kwa siri. Ukurasa mzima mama anafungasha vyungu, kisha anamuuliza mnunuzi kama mwembe atauacha. Msomaji ameshaumia. Halafu mwandishi anaingia kumweleza kwamba tamaa ni mbaya! Kuna haja gani?

Mzee wetu mmoja alinijibu kwamba Shaaban Robert alifundisha maadili. Alifundisha, tena waziwazi. Lakini katika Kusadikika (1951) anayesema ni Karama, mshtakiwa anayejitetea barazani, akinyamaza, ameangamia. Tunamsikiliza kwa sababu tunataka kujua kama atapona. Aya zetu saba hazikuwa na mshtakiwa wala baraza. Alikuwapo mwandishi tu, asiyeiamini hadithi yake mwenyewe.

Wanaosema hawakushirikishwa: rasimu iliwekwa kwenye kundi la WhatsApp wiki mbili kabla ya kwenda kwa mchapaji. Walijibu wanne, mmoja akituma picha ya maua. Miswada yote niliihariri mimi, usiku, bila posho. Sisemi hivi ili nisifiwe.

Mahudhurio yanasikitisha. Zamu ikiwa ya hadithi yake, mtu anakuja hadi na shemeji. Zamu ya mwenzake, ana msiba. Sasa utajifunzaje kukata sentensi zako kama hukai kuona za wenzio zikikatwa? Kasoro ya mwenzio unaiona mara moja, yako unaipenda.

Fedha: wanachama 64, waliolipa ada ya 30,000 ni 23, jumla 690,000. Vitabu vilivyouzwa 112, shilingi 1,120,000. Uchapaji wa nakala 200 ni 1,500,000, ukumbi na chai 240,000. Salio 70,000. Nakala 88 ziko sebuleni kwangu, na chama hakijawahi kuniuliza kodi ya stoo. Miongoni mwa wasiolipa ada wamo waliopaza sauti zaidi kuhusu aya zao. Majina anayo mhazini.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kupata mfadhili, kuwashirikisha vijana zaidi, na pengine baadhi yetu kupeleka miswada kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Riwaya ya pamoja bado inajadiliwa.

Vitabu vipo mezani kwa mhazini, 10,000 tu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti