Anayerudi kwenye theluji aanze na buti

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wa huku Denver, hasa wazazi tulioacha mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa ubao kwa ajili ya kulea, na sasa watoto wanatuvuta tena mlimani. Pesa ya kwanza iende kwenye buti, tena mpya. Ukisimama wima vidole viguse ncha kidogo tu, ukikunja magoti virudi nyuma. Kisigino kisinyanyuke hata chembe.

Ubao wenyewe wa mtumba unatosha: wa matumizi yote, usio mgumu sana, unaofika kati ya kidevu na pua. Ugeuze uukague chini. Mikwaruzo midogo si neno, ila ukingo wa chuma ukiwa umepasuka, mrudishie mwenyewe. Mwenye mguu mkubwa kama mume wangu apime na upana, maana buti likizidi ubao mno litakwama kwenye theluji wakati wa kukata kona. Kofia ngumu usinunue mtumba. Hujui imeshagonga nini.

Mwezi wa nne maduka mengi hushusha bei. Muuzaji aking'ang'ania ubao wa mabingwa, mwachie mabingwa wake.

Mama wa watoto wawili,
Denver, Marekani