Ugongeni ukuta kwanza, mchoraji baadaye

Mhariri,

Grafiti ikizuka usiku kwenye ukuta wa mjini, barua za wasomaji hugawanyika papo hapo. Huyu ataiita sanaa ya vijana, yule atataka waliochora wakamatwe. Wote wawili wanautazama mchoro. Sisi tunaofanya kazi ya lipu ya chokaa na ya rangi hapa Mombasa tungependa watazame kilichoubeba mchoro huo, kwa sababu rangi ileile ya kopo la kupuliza, kwa mkono uleule, haina madhara yoyote kwenye ukuta mmoja na yaweza kuubomoa mwingine.

Nyumba za Mji wa Kale hapa, kama zile za Mji Mkongwe wa Unguja na za Lamu, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo wa chokaa. Ukuta una unene wa nusu mita au zaidi, na hauna msingi wa kuzuia maji kama nyumba za leo. Hunywa unyevu kutoka ardhini na chumvi kutoka upepo wa bahari, kisha huutoa unyevu huo nje kupitia lipu ya chokaa. Wazee wa kazi husema ukuta unapumua. Ukiupuliza rangi ya kopo, au ukiupaka rangi ya mafuta, umeuziba pua. Maji hayatoki tena pale. Chumvi inabaki nyuma ya rangi, inaganda na kuvimba, na lipu inaachana na jiwe. Gonga kwa kifundo cha kidole: penye lipu nzima utasikia mlio mzito, palipoachana pana mlio wa mtungi mtupu. Baada ya masika mawili matatu kipande kizima huanguka, na mchoro wenyewe huenda nacho. Kwa hiyo hata anayeupenda mchoro hana faida.

Mchoro wa mita mbili mraba hauangushi nyumba. Ukuta mzima ukizibwa ndipo maji hupanda juu kutafuta njia, yakafika kwenye ncha za boriti zilizolazwa ndani ya ukuta. Boriti huoza pale pasipoonekana, na siku moja dari inashuka. Na hapa lazima tuseme jambo ambalo wenye nyumba hawalipendi: aliyeziba kuta nyingi zaidi si kijana wa grafiti. Ni mwenye nyumba aliyebandua chokaa akapiga lipu ya saruji, akamaliza kwa rangi ya plastiki, mchana kweupe, pengine na kibali mkononi. Ikiwa tunatafuta uharibifu, tuanzie hapo.

Hoja kwamba kuandika ukutani ni tabia ya kuigwa kutoka ng'ambo nayo haisimami. Ndani ya Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, imehifadhiwa michoro ya ukutani ya mabaharia na askari wao: merikebu, makanisa, watu. Waliichora kwa mkaa na udongo mwekundu, pengine bila ruhusa ya kamanda. Kwenye magofu ya Gede huku Kenya, na ya Kilwa na Songo Mnara huko Tanzania, kuna majahazi yaliyokwaruzwa kwenye lipu kwa ncha ya kitu kikali, na wataalamu wa vyombo vya baharini huyachungua leo ili kujua tanga na mlingoti wa zamani vilikaaje. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda kilichochorwa, kuchongwa au kuandikwa na mwanadamu kabla ya mwaka 1863. Maana yake, kisheria, jahazi lililokwaruzwa na mtu asiye na kazi mwaka 1862 ni urithi, na akwaruzaye lingine kando yake leo ni mhalifu. Hatupingi, ukuta wa kale haustahimili mikwaruzo mipya. Lakini tuone pia ni kwa nini michoro ile imedumu: mkaa na udongo mwekundu haviuzibi ukuta, na mkwaruzo kwenye chokaa ni chokaa ileile. Mchoraji wa kale hakuwa na adabu zaidi ya wa leo. Alikuwa na rangi tofauti.

Magari ya abiria ya matatu, ambayo nayo huchorwa, tuyaache pembeni. Bati halipumui, na tabaka tatu nne za rangi hulikinga na kutu.

Basi, mtu atajuaje ukuta alionao? Kwaruza kwa sarafu mahali pasipoonekana. Chokaa hutoa unga mweupe laini. Saruji ni ya kijivu na sarafu huteleza. Kisha nyunyiza maji kidogo: chokaa iliyo wazi huyanywa mara moja, iliyozibwa huyaacha yatiririke. Kazi hii haichukui dakika tano.

Ukuta ukiwa wa saruji au matofali ya saruji, mwenye nyumba akaridhia, chora. Hata hivyo michoro mingi ya mjini huchakaa kabla ya mwaka kwisha, na lawama huangukia rangi wakati kosa lilikuwa kwenye maandalizi. Lipu mpya ya saruji ingojewe siku 28, la sivyo ukali wake utaila rangi. Bandika karatasi ya nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, ziba kingo zote kwa utepe, iache siku nzima. Ukikuta matone ndani, ukuta bado mbichi. Usafishe kwa maji ya bomba. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi, na kuosha ukuta kwa maji hayo ni kuutia ugonjwa kabla ya kuutibu. Fuatisha prima ya saruji, yaani rangi ya kwanza ya kushikia, kisha maeneo makubwa yajazwe kwa roli na rangi ya maji ya nje. Kopo libaki kwa mistari na vivuli. Kopo la mililita 400 halivuki sana mita mbili mraba, kwa hiyo anayetaka kujaza ukuta wote kwa makopo atafilisika kwanza. Litikise dakika mbili baada ya kusikia gololi, ulishike sentimita 15 hadi 25 kutoka ukutani. Karibu zaidi, rangi inatiririka. Mbali zaidi, inakauka hewani na kutua kama vumbi ambalo kiganja hulifuta. Wakati wa kusi fanya kazi asubuhi na mapema, upepo haujaamka. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa rangi. Inatakiwa yenye chujio la mkaa. Sentimita 60 za chini ziachwe bila mchoro, maana hapo ndipo unyevu hubambua kwanza. Na nyekundu ya bei rahisi ikikabiliwa na jua la magharibi hupauka upesi, ilhali nyekundu ya udongo, ileile jamii ya rangi ya Wareno, hudumu.

Kuna la kuwaambia pia wanaotumwa kufuta. Tumeona kuta zilizoumizwa zaidi na usafi kuliko na mchoro. Brashi ya waya na mashine ya maji ya kasi hubandua ngozi ngumu ya chokaa, na kilicho chini yake ni laini kama unga. Asidi huila chokaa yenyewe; ule mchemko wa povu si uchafu unaotoka, ni ukuta unaoyeyuka. Thina ikimwagwa moja kwa moja huilainisha rangi na kuizamisha kwenye vitundu vya lipu, halafu kivuli cha mchoro hakitoki tena. Njia ya ukuta wa chokaa ni pole pole: karatasi laini iliyopondwa, ilowekwe dawa ya kuondolea rangi, ibandikwe unene wa sentimita moja, ifunikwe nailoni, iachwe saa chache, ibanduliwe pamoja na rangi iliyonyonywa. Rudia mara tatu, nne. Jaribu kwanza kwenye eneo la kiganja, na usingoje: rangi ya wiki moja hukubali kutoka, ya mwaka hubisha.

Lipu ikiwa ya kawaida, isiyo na nakshi wala maandishi ya kale, mara nyingi ni rahisi zaidi kuibandua sehemu iliyochorwa na kuipiga upya kwa chokaa iliyolowekwa, sehemu moja kwa mchanga sehemu tatu. Mchanga uwe umeoshwa, usiwe wa pwani. Tabaka lisizidi sentimita moja, na likingwe jua kwa magunia mabichi kwa siku kadhaa. Likikauka haraka litapasuka. Malizia kwa maji ya chokaa mepesi kama maziwa, mikono minne au mitano. Anayepaka mkono mmoja mzito ili amalize siku hiyohiyo ataukuta unachubuka.

Tunachoomba kwa wanaotoa vibali, huku kwetu na Unguja, ni fomu iulize mambo matatu ambayo hatujaona yakiulizwa: ukuta ni wa nini, rangi ni ya aina gani, na ikichakaa ataiondoa nani. Kuta za saruji za masoko, shule na maghala zitolewe kwa vijana bila kuzungushana. Kwenye mitaa ya matumbawe, anayetaka kuchora achore kwenye ubao: plaiwudi ya majini ya milimita 12, kingo zake zote zipakwe rangi ili isinywe maji, itundikwe juu ya papi, yaani vipande vyembamba vya mbao, ili ikae sentimita tano mbali na ukuta na hewa ipite nyuma. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, ziingie kwenye maungio ya chokaa na si kwenye jiwe. Siku ya kuuondoa ubao, matundu manne huzibwa kwa kijiko cha chokaa.

Mafundi wa chokaa na rangi,
Mji wa Kale, Mombasa