Barua kuhusu toni na tahajia ya Kiyemba

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Kabla hujaendelea kukusanya maneno ya Kiyemba, lugha ya Dschang huko magharibi mwa Kameruni, nakusihi usitegemee masikio ya Kiswahili. Kiswahili kilikwisha kuacha toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana ya neno. Kiyemba kinaishi kwazo.

Ngeli hazitakusumbua: viambishi lə- na mə- ni ndugu wa ji- na ma- zetu. Ugumu uko kwenye mashina. Mengi yaliyokuwa na silabi mbili zamani yamebaki na moja. Irabu ilianguka lakini toni yake ikabaki, ikielea bila pa kukaa. Toni ya chini inayoelea ikiwa kati ya toni mbili za juu, ile ya pili hushuka kidato, na za juu zinazofuata hazipandi tena kupita hapo. Tena, pale sisi tunaposema "wa" au "la" kuunganisha nomino mbili, Kiyemba mara nyingine hubakiza toni tupu. Kwa hiyo neno ulilolisikia peke yake halitoshi. Lirekodi peke yake, kisha baada ya nomino nyingine, kisha kabla yake, mara tatu kila mahali. Mwombe msemaji apige mluzi wa neno: mluzi hubakiza toni na kuondoa mengine yote.

Sasa tahajia. Alfabeti ya pamoja ya lugha za Kameruni ilikubaliwa mwaka 1979, ndiyo maana utakuta ŋ (ng' yetu), ɔ, ɛ, ə na ʉ. Alama ' ni mkato wa koo, kama hamza ya Kiarabu. Usiichanganye na ile ya ng'ombe. Na h baada ya konsonanti ni mpumuo, kwa hiyo th si ya "thamani", ni t yenye pumzi, kama watu wa Mombasa wanavyotofautisha paa wa porini na paa la nyumba.

Toni ya chini haiwekewi alama, nyingine huwekewa. Hapa nina msimamo. Mwanaisimu Steven Bird aliwapima wasomaji wa Kiyemba, na matokeo yake ya mwaka 1999 yalionyesha kwamba alama za toni zilipunguza ufasaha wa kusoma na hazikusaidia kutambua maneno yenye utata. Waandishi wazoefu walipotakiwa kuweka alama walipatia 83.5%, wasio wazoefu 53%, karibu sawa na kuacha maandishi bila alama yoyote. Sababu naiona wazi: sauti ya neno hubadilika kulingana na jirani zake, na mwandishi hajui aandike umbo lipi. Kwenye kamusi weka toni zote. Kwenye kitabu cha watoto, weka pale tu maana inapogongana.

Kwenye kompyuta, makosa mengi huanzia kwenye ile alama ya mkato wa koo. Ukitumia alama ya kawaida ya kunukuu, programu itaiona kama kituo na kulivunja neno, tumia U+A78C (namba ya herufi katika Unicode, orodha ya misimbo ya herufi za kompyuta). Chukua ə ya U+0259, siyo U+01DD: zinafanana kabisa, ila herufi kubwa ya ya kwanza ni Ə na ya pili ni Ǝ. Herufi kama ə́ haina msimbo mmoja, ni misimbo miwili, wa herufi na wa alama, wakati é inaweza kuandikwa kwa njia zote mbili. Usiposawazisha faili lote kwa NFC, kanuni ya Unicode inayounganisha herufi na alama yake pale msimbo mmoja unapokuwepo, utatafuta neno lililo mbele ya macho yako na usilipate.

Ukivuka kwenda Bangangté kwa wasemaji wa lugha ya Mə̀dʉ̂mbɑ̀, kuna a na ɑ, irabu mbili tofauti. Usiandike kwa mlazo (italiki) hata mara moja: fonti nyingi zikilazwa, a hugeuka ɑ, na tofauti inapotea kwenye ukurasa mzima.

Nitumie rekodi za nomino kumi za kwanza, pamoja na miluzi yake.

Wako daima