Tabora Nimepita Nimelala

Magomeni Mapipa,
Dar es Salaam.
Jumapili usiku

Shoga yangu Tatu,

Dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako. Mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu.

Umecheka? Kama umecheka basi nusu ya kazi imekwisha. Ndivyo tulivyokuwa tukiandika bwenini, na wewe ndiye uliyekuwa ukinikosoa kwa kalamu nyekundu ya kuazima.

Sasa nimekupigia mara ngapi, Tatu? Wiki ya tatu hii. WhatsApp naona tiki mbili za buluu, zimekaa pale zinanitazama kama macho ya mama mkwe. Ujumbe wako wa mwisho ni ule wa usiku ule: "Kama hukutaka kuonana ungesema, si kunisimamisha steshini na baridi hii." Nimeusoma mpaka nimeukariri. Ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi. Simu unaweza kunikatia, lakini kijana wa Mama Rukia nimemwambia asitoke mlangoni kwako mpaka akuone umeifungua bahasha.

Nilikuwemo, Tatu. Wallahi nilikuwemo. Tiketi hiyo nimeibana kwa pini, itazame: daraja la pili kulala, Dar es Salaam hadi Kigoma. Nilikuwa hatua kumi tu kutoka uliposimama pale steshini Tabora, nimelala fofofo.

Najua utasema, Sikudhani huyu huyu aliyekuwa akiamshwa na panya bwenini? Ngoja nianze mwanzo.

Arobaini ya shangazi ilibidi niende, hilo halikuwa na mjadala, Ujiji ndiko kwetu. Ubishi ulikuwa ni nipande nini. Shamte alikuwa na jibu lake tayari: "Mama, panda SGR mpaka Dodoma, saa tatu na kitu umefika, halafu unaunga basi." Na kweli hiyo treni ya umeme nimeipanda, mwaka jana nilipokwenda kumwona Asha. Ni nzuri, siwezi kusema uongo. Inakimbia kilomita 160 kwa saa, chai haimwagiki. Lakini madirisha hayafunguki, hununui hata hindi la kuchoma, na abiria wote wameinamia simu kama wapo benki. Hujamaliza karanga zako, Dodoma hiyo. Kitanda hamna, na cha nini kwa safari ya saa tatu? Halafu ndiyo nikashuke nikapande basi la kutwa nzima na magoti haya. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku Shamte ananiona mimi mzembe tu, lakini yeye miguu haimvimbi. Mara ya mwisho kushuka kwenye basi, viatu vilinigomea, nikaingia msibani na kandambili za kondakta.

Hizo ndizo sababu nilizompa Shamte. Sababu yenyewe unaijua wewe.

Unakumbuka tukienda shule kwa waranti? Daraja la tatu, tumekaa juu ya masanduku ya bati, wewe umemlalia mtu usiyemjua na yeye amekulalia. Tukajifanya tunakwenda chooni ili tupite kwenye mabehewa ya kulala tuchungulie. Mlango mmoja ulikuwa wazi, na ndani mama mmoja kajinyoosha kitandani, kavaa gauni la kulalia la bluu, anakula mkate na chai ya chupa, huku Tanzania inapita dirishani kama anaonyeshwa yeye peke yake. Ukaniambia, "Sikudhani, tukiwa wakubwa." Hukumalizia, na haikuwa na haja. Sasa nina miaka hamsini kasoro. Nikasema kama si safari hii, basi tena.

Nikanunua gauni la kulalia. La bluu. Usicheke.

Nikakata kitanda cha chini kwa ajili ya magoti. Chumba cha vitanda sita, vitatu huku vitatu huku, wanawake watupu, maana wanaume wanawekwa chumba chao. Nimetandika shuka yangu, nimepanga chupa ya chai, nimekaa kama yule mama wetu. Mara akaingia bibi mmoja wa Uvinza, mgongo umepinda, na tiketi ya kitanda cha juu kabisa. Akakitazama kile kitanda, akanitazama mimi, wala hakusema neno. Wewe ungefanyaje? Mimi nikapanda juu. Kupanda kwenyewe kulikuwa sinema: muuguzi mmoja wa Kaliua ananisukuma kwa chini, mwanafunzi ananivuta mkono, na gauni langu la bluu limenasa kwenye ngazi.

Liweke hilo akilini. Kitanda cha juu kipo puani mwa dari. Dirisha hulioni, na anayesema nje ya dirisha humsikii vizuri. Nitalirudia.

Sasa usingizi. Mimi nilidhani treni itanibembeleza, ule mdundo wake wa tata-tam tata-tam tuliokuwa tukiuimba. Unabembeleza kweli, kwa nusu saa. Halafu mama mwenye mapacha, mmoja akinyamaza anampokeza mwenzake. Bibi anakoroma, na mkoromo wake hauna mwili, sijui unatokea wapi. Kwenda chooni ni safari ndani ya safari: ushuke ngazi gizani bila kumkanyaga mtu, ukifika huko uchuchumae huku treni inapinda. Mkono mmoja umeshika chuma na mwingine umeshika gauni la bluu, na wa tatu Mungu hakutupa.

Na kitu kimoja sikukijua kabisa, Tatu. Kelele unazizoea. Kinachokuamsha ni kimya. Reli ile ni moja, treni mbili zikikutana lazima moja iingie pembeni isubiri mwenzake apite. Basi mnasimama porini, tata-tam inakatika, na ghafla unasikia kila kitu: mtu anatafuna, saa ya mtu, chura wa nje. Macho yanafumbuka pee. Yakitaka kufumba tena, mnafika steshini na kina mama wanapita na taa, "ndizi, ndizi, mayai, maji!" Morogoro mpaka Kilosa sikupata lepe.

Lakini asubuhi, shoga! Umelala (au hukulala) kwenye minazi, unachungulia upo kwenye mibuyu. Ugogo wote mweupe kwa jua, ng'ombe, watoto wanakimbilia treni. Nikashuka nikakaa miguuni kwa bibi tukanywa chai. Mpaka hapo tulikuwa tumeshajuana: mapacha walizaliwa kwa upasuaji, muuguzi anakimbia uhamisho, mwanafunzi ana mchumba ambaye kwao hawamtaki. Bibi alituambia baba wa babu yake alikuwa mpagazi, alitembea Ujiji mpaka Bagamoyo na mzigo kichwani, kabla Mjerumani hajaanza kutandika reli hapa Dar mwaka 1905. Reli ilichukua miaka tisa mpaka kuona Ziwa Tanganyika, 1914. "Na wewe unalalamika usiku mmoja," akaniambia. Sikuwa nimelalamika. Nilikuwa nimepiga miayo.

Saranda tukala kuku, baadaye treni ikaanza kupanda ule ukingo wa kwenda Manyoni, taratibu, unaweza kushuka ukakojoa ukaidaka. Mimi nimetoa simu narekodi kila kitu nikuonyeshe. Itigi nikanunua asali. Nikarekodi asali. Unaona kosa lilipo? Mpaka jua linazama simu ina asilimia nne, na pawabenki nimemwazima muuguzi apige kuhusu uhamisho wake. Nikakuandikia "tunakaribia, andaa hotpoti", ukanijibu umeshafika steshini, umewahi kama kawaida yako. Simu ikazima hapo hapo.

Nikasema nipande juu nijinyooshe dakika kumi. Kumi tu.

Tatu, sijui nikuelezeje usingizi ule. Usiku mzima niliutafuta, mchana wote sikuuona, halafu umekuja saa ile ile ambayo haikutakiwa. Na unajua Tabora treni inavyokaa, mabehewa ya Mwanza yanakatwa, ya Kigoma yanaungwa, yanagongana nguu, kichwa kinakwenda na kurudi. Mtu mwenye akili angeamka. Mimi nimeamka kumekucha, nasikia mtu anasema Nguruka, samaki wamejaa madirishani.

Nikauliza, "Tabora bado?" Chumba kizima kikanitazama.

Ndipo bibi akasema, mdomo umejaa mkate: "Tabora jana usiku. Kuna mama mmoja mfupi alipita na hotpoti nyekundu, anaita kila dirisha, Sikudhani, Sikudhani. Na hapa alifika. Tukamwambia hayumo."

Hayumo!

Tatu, siku nzima na usiku nimekaa na watu wale. Wanajua magoti yangu, wanajua arobaini, wanajua mpaka gauni la bluu nililinunua kwa nani. Hakuna aliyeniuliza jina. Mimi nilikuwa "mama wa Magomeni" tu. Ungeita mama wa Magomeni wangenishusha mzima mzima na shuka. Na mimi nilikuwa juu pale darini, naota nipo bwenini na wewe unaniamsha. Labda nilikusikia kweli. Hilo ndilo linaloniuma.

Kwa hiyo hukudanganywa na mimi, wala sikupanda basi kama alivyokuambia huyo aliyekuambia (ninamjua, na salamu zake azingoje). Nilikuwemo. Kama nimeandika neno hilo mara nyingi nivumilie.

Uvinza bibi alishuka. Aliona nimenuna njia nzima, akanipa mfuko wa chumvi ya kwao, akasema mwingine ni wa mwenye hotpoti. Ninayo yako hapa. Arobaini ilikwenda salama, watu walijaa, wali ulitosha, habari zake nitakupa siku nyingine. Kurudi sikurudi kwa treni, mjomba alinidandiza kwenye gari la mtu mpaka Dodoma nikamalizia na SGR. Shamte alinipokea na uso wa "nilikuambia". Sikumjibu. Hajui kuna mambo mengine mtu anakwenda kuyalipia deni.

Lakini deni lenyewe sijalimaliza, maana tulisema tukiwa wakubwa sisi wawili. Na sasa wanajenga SGR mpaka kwenu Tabora na mpaka Kigoma, ikifika sijui kama kuna atakayekuwa na haja ya kulala njiani. Mimi nasema twende kabla. Nije nikuchukue Tabora, safari hii nashuka kabisa, nalala kwako siku mbili, halafu tupande pamoja mpaka Mwanza, tule sato, turudi. Kitanda cha juu chako, una magoti ya msichana. Na mlangoni nitabandika karatasi yenye majina yetu yote mawili kwa herufi kubwa.

Unasemaje? Mwezi wa kumi na mbili unapata likizo au bado wanakuzungusha? Ule mwembe wa nyuma ya bweni bado upo? Mwalimu Kibonge nasikia anaumwa, ni kweli au maneno ya Rehema? Ile baridi haikukuletea kifua? Ulirudi nyumbani na nani usiku ule, bodaboda au kwa miguu? Na hotpoti ilikuwa na nini, Tatu? Niambie ukweli, ilikuwa pilau? Aliila nani?

Nipigie. Au usinipigie, mpe huyo kijana neno moja tu aje nalo.

Ni mimi wako,
Sikudhani (mama wa Magomeni)

N.B. Chumvi sikumpa kijana, anaweza kuiuza. Utaichukua mkononi mwangu.