Tusome sura nzima, tusiishie kwenye mstari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni mama wa miaka 58, mnunuzi wa viazi mviringo hapa Njombe, Mlutheri wa kuzaliwa. Kwa miaka 19 nimenunua viazi mashambani na kuvipeleka Dar es Salaam. Ninalotaka kusema linahusu kusoma Biblia, lakini itanibidi nianzie kwenye gunia, kwa kuwa ndipo Neno liliponikuta.

Anayelijua soko la viazi anaijua lumbesa. Kwa asiyeijua, gunia linajazwa hadi mdomoni lakini halifungwi. Kijana analikumbatia, analitikisa, analikita chini mara tatu nne ili viazi vishuke, anaongeza vingine. Kisha anapanga viazi vikubwa kuzunguka mdomo kama mtu anayejenga kisima, anavizungushia wavu wa kamba, anajaza katikati, anashona kwa sindano ya gunia. Likikamilika linasimama kama mtu aliyepiga kilemba. Mkulima analipwa gunia moja.

Sheria ya Vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Sisi wanunuzi tunaijua. Lakini ushuru tunalipa kwa gunia, nauli ya lori kwa gunia, kupakia na kushusha kwa gunia, na mkulima naye tunamlipa kwa gunia, kwa hiyo kila kiazi kilichopanda juu ya mdomo ni chetu. Lori lenyewe linapanda mizani Makambako, linapanda tena Mikese. Gunia la mkulima halipandi mizani yoyote tangu shambani hadi sokoni.

Lumbesa hizo nimezishona kwa mikono yangu. Na Jumapili nilikuwa benchi la tatu kutoka mbele, nimevaa kitenge cha akina mama, naimba.

Tena nilikuwa na mstari wangu. Niliukariri tangu darasa la kipaimara, Luka 6:38: "Wapeni watu vitu, nanyi mtapewa; kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika." Kwetu mstari huo husomwa karibu kila Sikukuu ya Mavuno, kabla ya mnada wa kuku na mahindi, na mimi nilikuwa napandisha bei ya jogoo kwa furaha kabisa. Siku moja, kijiji kimoja juu huko, mama mmoja mjane aliona kijana wangu anaongeza viazi juu ya wavu akasema taratibu, "Mwanangu, hilo gunia halishibi?" Nikamjibu kwa Biblia. Nikamwambia, "Mama, imeandikwa, kipimo cha kujaa na kushindiliwa." Akainamisha kichwa. Hakusema neno tena, akaendelea kuokota viazi vidogo vilivyobaki kwenye matuta.

Ndugu Mhariri, nimewahi kusema maneno mengi mabaya katika maisha yangu, na hilo ndilo baya kuliko yote, kwa sababu lilitoka kwenye Kitabu.

Mwaka 2019 mume wangu alilazwa siku 11. Usiku nilikuwa nakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda chake. Nilikuwa nimebeba Biblia ya marehemu baba, ile ya Union Version, jalada jeusi limechanika mgongoni, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Baba alikuwa na desturi ya kusoma baada ya chakula, chemli mezani, kidole kwenye mstari, na hakuwahi kufunga Kitabu sura haijaisha. Hata mgeni akibisha hodi alimalizia kwanza ndipo akamkaribisha. Sisi watoto tulikuwa tunasinzia. Usiku ule, kwa kukosa la kufanya, nikafanya kama yeye. Nikaanza Injili ya Luka kuanzia mwanzo.

Usiku wa pili nikafika sura ya 6. Nilikuwa nausubiri mstari wangu kama mtu anayesubiri kumwona ndugu yake kwenye basi. Lakini kabla ya kuufikia ilinibidi nipite kwa wengine. Mstari wa 20, heri ninyi mlio maskini. Wa 24, "ole wenu ninyi mlio na mali." Kisha wapendeni adui zenu. Kisha kukopesha bila kutumaini kurudishiwa. Wa 36, "iweni na huruma, kama Baba yenu alivyo na huruma." Nilipofika kwenye ule wa 38, haukuwa tena mstari ninaoufahamu. Bwana Yesu alikuwa anazungumza na mtu anayetoa. Anayejaza, anayeshindilia na kusukasuka ni yule mwenye mali anayempimia mwenzake aondoke nacho kingi. Mimi nilikuwa naugeuza kichwa chini miguu juu. Nilimwamuru mjane anishindilie mimi. Na mstari huohuo, mwishoni ambapo hatufiki siku ya mnada, unasema kipimo kile kile mpimacho ndicho mtakachopimiwa.

Nilikaa na Biblia magotini mpaka muuguzi wa zamu akaniuliza kama mgonjwa amezidiwa.

Tuliporudi nyumbani niliazima mizani kwa mnunuzi mmoja wa mahindi, nikapima lumbesa iliyokuwa stoo. Kilo 141. Nikapima ya pili, 138. Nilianza kuzidisha kwa msimu mmoja kwenye daftari, nikaiweka kalamu chini.

Baada ya hapo sikuweza kuacha kusoma, na jambo lililonishangaza ni jinsi Biblia ilivyojaa habari za soko. Walawi 19 inataka mizani ya haki, efa ya haki na hini ya haki. Nilimuuliza mwinjilisti wetu, akaniambia efa ilikuwa kipimo cha nafaka na hini cha mafuta au divai, kama sisi tunavyosema debe na lita. Kumbukumbu la Torati 25 inakataza kuweka mfukoni mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo, maana yake moja la kununulia na jingine la kuuzia. Amosi sura ya 8 anawataja wafanyabiashara wanaoona sabato inachelewa kwisha wakafungue maghala, wapunguze efa na kuiongeza shekeli, yaani jiwe la kupimia fedha, wauze hata takataka za ngano. Mimi nilikuwa mtu wa aina hiyo, naangalia saa wakati wa matangazo ya mwisho, dereva ananipigia simu.

Hata Kiswahili cha Biblia ya baba kimepita sokoni. Pishi na kibaba ni vipimo vya nafaka, navyo vimo. Taa haiwekwi chini ya pishi. Kibaba cha ngano kinauzwa nusu rupia. Mwinjilisti alitueleza kwamba Krapf, mmisionari Mjerumani, alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo huko Mombasa mwaka 1844, kadhi Mwislamu akimsaidia, na mwaka huohuo akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Baada yake wakaja wengine wengi, Waafrika na wageni. Huwa nawaza kwamba kuna mtu kati yao aliyekaa siku nzima akitafuta neno la mtu anayekandamiza nafaka ndani ya kipimo ili iingie zaidi, akalipata: kushindilia. Kazi yote ile, ili muuza viazi wa Njombe asikie neno la kazi yake mwenyewe kwa lugha yake. Halafu mimi nikalichukua hilo moja nikaacha sura.

Nilirudi kwa yule mama. Nilichukua hesabu ya magunia niliyonunua kwake msimu ule, nikaweka fedha ya kilo zilizozidi kwenye bahasha. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, aliahidi kurudisha mara nne. Mimi niliweza mara mbili, na kwa wakulima saba tu niliowakumbuka vizuri. Nalisema hili wazi kwa sababu wapo wengi ambao hesabu yao ninayo mpaka leo na sijailipa.

"Shikamoo mama," nikamwambia. "Marahaba mwanangu, karibu." Alifikiri nimekuja kuweka oda ya viazi. Nilipomweleza alikataa bahasha, akauliza nimetumwa na chama gani. Nikasema nimetumwa na Luka sura ya 6, ile niliyokujibu nayo vibaya. Akanyamaza. Kisha akasema hajui kusoma, na kama ni hivyo basi isomwe aisikie. Akamwita mjukuu wake wa darasa la tano, aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe. Mtoto akanawa mikono, akasoma, akikwama kwenye maneno marefu, kuanzia mstari wa 20 mpaka mwisho. Alipofika "kusukwa-sukwa hata kumwagika", yule mama akapiga kiganja kwenye paja, akasema, "Kumbe Bwana Yesu anaijua lumbesa!" Ndipo akapokea bahasha. Akanifungia mayai sita kwenye kitambaa.

Sitaki msomaji adhani mambo yalininyookea baada ya hapo. Nilipopeleka magunia ya kilo 100 Dar es Salaam, dalali alizunguka lori akaniambia, "Mama, mizigo yako imekonda," akakata bei. Msimu wa kwanza nilipata hasara. Wa pili nilishindwa kujaza lori peke yangu, nikawa napakia nusu na mwenzangu. Mpaka leo sijafika pale nilipokuwa, na kijana wangu mmoja wa kushona magunia alihamia kwa mnunuzi mwingine kwa sababu huko analipwa kwa kila lumbesa. Wapo wahubiri wanaosema ukitii utaongezewa haraka. Mimi niliyoongezewa ni machache, lakini nayajua: nalala, na nikipita njia ya kijiji kile watoto hawaniogopi.

Sasa nije kwenye sababu ya barua hii. Tunaishi na Biblia iliyokatwakatwa. Kila alfajiri simu yangu inapokea mistari kutoka kwenye magrupu manne ya WhatsApp, imewekewa maua na jua linachomoza. Ipo kwenye vioo vya daladala, kwenye kalenda, kwenye fulana za kwaya. Sidharau, mstari mmoja umewahi kuokoa mtu. Lakini ule ulioandikwa kila mahali, Yeremia 29:11, kwamba Mungu anayajua mawazo anayotuwazia, mawazo ya amani, ni wangapi tumesoma unakotoka? Ni barua waliyoandikiwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Mstari wa juu yake unawaambia ni miaka 70 kwanza. Na juu zaidi wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, wautakie amani mji ule uliowateka. Mtu aliyebandika mstari huo dukani akitegemea mambo yatafunguka mwezi huu, akiusoma wote atapata kazi ya kufanya, siyo ahadi ya kusubiri tu.

Nawaomba wachungaji, mapadre na wazee wa makanisa yote, kwa heshima kubwa: tusomeeni sura nzima. Kama ibada ni ndefu, punguzeni matangazo. Siku ya mavuno, kabla ya mnada, someni Luka 6 kutoka wa 20, na sisi wenye stoo tukae mbele tusikie. Na nyumbani kitabu kimoja kisomwe mpaka kiishe, hata kama ni robo saa kwa usiku. Asiyeona vizuri asomewe na mtoto. Mtoto naye atajifunza kusoma.

Katika jumuiya yetu tumeanza. Tuko akina mama 14 na baba mmoja, tunakutana Jumatano saa kumi jioni, kila mtu anasoma mistari yake kwa sauti na hatuondoki sura haijaisha. Hatuna mwalimu. Swali letu ni moja: kama haya ni kweli, kesho asubuhi kazini nifanye nini? Tulimaliza Luka, tukasoma Amosi, na hapo mwenzetu mmoja wa duka la mbolea alitoka kimya akaenda kurekebisha mizani yake. Hakuna aliyemtuma.

Sasa tuko Nehemia. Jumatano ijayo ni sura ya 5, ambapo watu wameweka rehani mashamba yao ili wapate nafaka, na Nehemia anawasimamisha wakubwa waliowakopesha, anawaambia warudishe mashamba na riba waliyotoza. Katika kikundi chetu yumo mama anayekopesha fedha hapa mtaani, ile mikopo ya riba kubwa inayoitwa kausha damu. Anajua sura inayofuata, kwa sababu ndiye aliyepangiwa kuisoma. Jana nilikutana naye kisimani nikamuuliza kama atakuja. Akatua ndoo, akasema, "Nitakuja. Naisoma kila usiku nisije nikakwama mbele ya watu."

Mama muuza viazi,
Njombe