Pumzi isifundishwe kwa cheti cha mwezi mmoja

Ndugu Mhariri,

Yoga sasa ni kazi ya kuajiriwa katika miji yetu. Hoteli za ufukweni kuanzia Diani hadi Paje zinatafuta walimu, jimu za Nairobi na Dar es Salaam zinapanga vipindi vya asubuhi na jioni, na tangu mwaka 2007 mradi wa Africa Yoga Project wa Nairobi umewaandaa vijana wanaojipatia riziki kwa kufundisha. Tunalifurahia hilo kwa dhati. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tueleze jambo moja tu. Cheti cha mafunzo ya saa 200, ambacho waajiri wengi ndicho wanachokiuliza, kinamtosha mtu kuanza kufundisha mikao kwa watu wenye afya. Hakimtoshi kufundisha pranayama, yaani kazi ya pumzi, na hasa kubana pumzi. Wala hakimtoshi kuwaongoza watu katika taamuli ndefu, yaani kukaa kimya na kutuliza akili. Na kwa anayeishika yoga kama njia ya roho, pumzi na taamuli ndiyo yoga yenyewe. Mikao ni maandalizi.

Saa hizo 200 zinajulikana zaidi kwa viwango vya Yoga Alliance, asasi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1999. Asasi hiyo husajili shule, kisha husajili walimu waliohitimu katika shule hizo. Haimkalishi mwalimu mmoja mmoja kwenye mtihani wake. Kwa viwango vyake, saa 75 ni za mbinu na mazoezi, na ndani ya hizo mikao, pumzi na taamuli hugawana. Saa 30 ni za anatomia na fiziolojia, 30 za historia, falsafa na maadili, na 50 za stadi za kufundisha. Kozi ya mwezi mmoja maana yake ni saa 8 kwa siku, siku 25. Mwanafunzi anaamka alfajiri, anafanya mikao hadi mapaja yanatetemeka, anakariri majina ya mifupa, na jioni anajaribu kumfundisha mwenzake. Mikao ya kusimama peke yake inameza sehemu kubwa ya muda. Pumzi inapewa kipande kinachobaki mwishoni, watu wakiwa wamechoka. Asasi hiyohiyo, ili imwandike mtu kuwa mwalimu mzoefu, inataka awe amefundisha saa 1,000 na imepita miaka 2 tangu ahitimu. Sehemu hiyo ya kanuni waajiri wetu hawaiulizi.

Mpangilio wa kale hauna haraka. Patanjali, mwandishi wa kale wa India, katika matini yake ya Yoga Sutra aliorodhesha viungo vinane vya yoga: yama na niyama, ambazo ni maadili kwa wengine na kwa nafsi, kisha asana (mkao), pranayama (pumzi), pratyahara (kuzirudisha hisi ndani), dharana (kuikaza akili mahali pamoja), dhyana (taamuli) na samadhi (kuzama kabisa katika taamuli). Mkao ni wa tatu, pumzi ni ya nne, na matini yenyewe inasema kwamba pumzi hufuata baada ya mkao kutulia. Svatmarama, aliyeandika matini ya yoga ya Hatha Yoga Pradipika katika karne ya 15, alionya kwamba pumzi hufugwa polepole kama simba, tembo au chui milia anavyofugwa. Ikiharakishwa humuua anayeifuga. B.K.S. Iyengar, mwalimu wa yoga wa Pune, India, alitoa kitabu chake maarufu cha mikao mwaka 1966. Kitabu cha pumzi peke yake alikitoa mwaka 1981, miaka 15 baadaye. Katika darasa za mtindo wake hadi leo, wiki ya mwisho ya mwezi hutengwa kwa ajili ya pumzi na mapumziko. Pattabhi Jois, mwalimu mwingine wa India, wa Mysore, aliwapa pranayama wanafunzi waliokwisha kuimudu mifululizo migumu ya mikao kwa miaka.

Wapo watakaotujibu kwamba T.K.V. Desikachar, mwalimu wa Chennai, India, alifundisha pumzi tangu siku ya kwanza. Ni kweli. Lakini alifundisha mtu mmoja mmoja, akimtazama kifua na uso, na pumzi yenyewe ilikuwa ya kuongoza mwendo: kuvuta mikono inapopanda, kutoa inaposhuka. Hilo hata mwalimu mpya anaweza kulifanya, na tungependa alifanye. Tunachokipinga ni watu 25 waliojazwa kwenye ukumbi na kuamriwa kwa sauti moja wabane pumzi kwa hesabu ya 16.

Tuanze na kosa dogo linalotokea kila siku. Mwalimu anasema, “Vuta pumzi ndefu!” Mwanafunzi anainua mabega, anakaza shingo, anajaza sehemu ya juu ya kifua, anashusha haraka, anavuta tena. Baada ya dakika chache midomo inamchonyota, vidole vinaingia ganzi, kichwa kinakuwa chepesi, na pengine viganja vinajikunja vyenyewe. Tumewasikia walimu wakimwambia mtu wa namna hiyo kwamba nguvu ya ndani inaamka. Siyo hivyo. Amepumua kupita mahitaji ya mwili, hewa ya ukaa (kaboni dioksidi) imepungua mno kwenye damu, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo imejibana, na uwiano wa kalsiamu katika damu umeyumba, ndiyo maana misuli inajikaza. Dawa yake ni kuacha zoezi, kulala chali au ubavu, na kuiacha pumzi irudi kawaida bila kuihesabu. Anayelitafsiri hilo kuwa hatua ya kiroho anamdhuru mwanafunzi mara mbili: mwilini, na katika imani yake juu ya njia hii.

Njia salama huanza sakafuni. Blanketi likunjwe jembamba kwa urefu, unene wa sentimeta 5 hadi 8, lipite chini ya uti wa mgongo kuanzia mbavu za chini hadi kichwani. Kichwa kiongezewe mkunjo mmoja ili paji la uso liwe juu kidogo kuliko kidevu. Kidevu kikielekea dari, koo hukazika na akili haitulii. Kwa wiki za kwanza mwanafunzi asibadilishe kitu. Aitazame tu pumzi inavyoingia na kutoka, dakika 5 hadi 10, baada ya mikao na si kabla. Mwalimu atazame kama tumbo na mbavu za chini vinatembea au ni shingo inayofanya kazi. Wengi hawaoni umuhimu wa hatua hii kwa sababu inaonekana kama usingizi, na kwa kweli wapo watakaosinzia. Hata hivyo hapa ndipo mwalimu anapojifunza pumzi ya kila mtu ilivyo kabla ya kuigusa.

Kukaa kunafuata baadaye. Kipimo ni rahisi: magoti yakiwa juu kuliko nyonga, mgongo wa chini utapinda, kifua kitaporomoka, na kiwambo, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, hakitapata nafasi ya kushuka. Ongeza blanketi chini ya makalio hadi magoti yashuke, hata kama ni sentimeta 15. Kama bado, tumia kiti, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni. Kukaa kwenye kiti hakupunguzi yoga ya mtu.

Hapo ndipo panapofaa nadi shodhana, pumzi ya kubadilisha matundu ya pua, bila kubana. Tumbo liwe tupu, saa 3 au 4 tangu chakula. Kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kulia vikunjwe kiganjani; gumba lihudumie tundu la kulia, kidole cha pete tundu la kushoto. Vidole vigusie pale mfupa wa pua unapoishia na nyama laini kuanza, bila kuisukuma pua upande. Toa pumzi yote. Vuta kushoto kwa hesabu ya 4, toa kulia kwa 4, vuta kulia kwa 4, toa kushoto kwa 4. Huo ni mzunguko mmoja, na mizunguko 6 hadi 8 inatosha. Mwenye mafua aache. Makosa ya kawaida ni kichwa kuinamia mkono, bega la kulia kupanda, na kiwiko kubanwa kifuani. Mkono ukichoka, wa kushoto uushike kiwiko.

Baada ya majuma kadhaa kutoa kunaweza kurefushwa hadi 6, kisha 8, kuvuta kukibaki 4. Ishara ya kwamba hesabu imezidi haihitaji kifaa chochote: pumzi inayofuata ikiingia kwa pupa, rudi nyuma. Vilevile kwa kubana: kama pumzi ilipoachiwa imetoka kwa kishindo, ilibanwa mno. Uwiano wa jadi wa 1:4:2, yaani vuta 4, bana 16, toa 8, ni mwisho wa safari ya miaka, lakini siku hizi watu wanauona kwenye video na kuuanza siku hiyohiyo. Mtu akibana kwa nguvu, mgandamizo kifuani hupanda, damu inayorudi kwenye moyo hupungua, na presha huyumba. Katika jamii ambayo wengi hawajui wana presha mpaka wapimwe, hiyo si hatari ya kufikirika.

Kapalabhati, zoezi jingine la pumzi, nayo imekuwa ya maonyesho. Kazi yake ni kutoa kwa nguvu kutoka tumbo la chini. Kuvuta hujitokea kwenyewe. Mara 20 hadi 30 kwa raundi, karibu moja kila sekunde, raundi 3, na mapumziko katikati. Mabega yakiruka au uso ukikunjamana, mtu anafanya kitu kingine. Anayelazimisha pia kuvuta amehamia bhastrika, ambayo ni nzito zaidi, na mara nyingi mwalimu mwenyewe hajui tofauti. Kapalabhati na kubana pumzi vyote viwili havimfai mjamzito, mwenye presha ya kupanda, ugonjwa wa moyo, kifafa, presha ya macho, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni. Na mwalimu asiulize kwa kupaza sauti, “Nani ana mimba hapa?” Aulize faraghani, au kwa karatasi, kabla ya kipindi, na awe na zoezi mbadala kwa atakayejibu ndiyo.

Taamuli inahitaji uangalifu uleule. Dakika 5 hadi 10 kwa anayeanza, macho yakiruhusiwa kubaki wazi. Mtu akianza kutetemeka au kulia kwa kwikwi, asihimizwe aendelee. Afungue macho, akanyage sakafu, ataje vitu anavyoviona chumbani, na kwa siku hiyo iwe basi. Anayetibiwa maradhi ya akili asipewe taamuli ndefu bila daktari wake kujua.

Kuna jingine ambalo walimu wengi wanalikwepa, nalo linawahusu wasomaji wako Waislamu na Wakristo. Mwalimu huwaambia watu waseme Om, sauti takatifu ya jadi ya yoga, kwa pamoja, na akiulizwa anajibu kwamba ni sauti tu ya kutuliza. Patanjali anaitaja Om kuwa ndiyo inayomtaja Ishvara, Bwana. Kwa hiyo jibu hilo si kweli, na kusema kweli, satya, ni miongoni mwa yama tano za mwanzo kabisa. Baraza la maulamaa la Indonesia mwaka 2009 lilitenganisha yoga yenye mantra (maneno matakatifu ya kurudiarudia) na ibada, ambayo lilikataza, na yoga ya mazoezi peke yake, ambayo halikuizuia. Saudi Arabia ilikubali kufundishwa kwa yoga kama mchezo mwaka 2017. Mwanafunzi wetu naye anastahili kuambiwa kabla hajatandika mkeka: kipindi hiki kina mantra, kile hakina. Pumzi inaweza kuhesabiwa kwa tarakimu bila kupoteza faida yake mwilini. Anayetaka njia yote kama ilivyo, pamoja na maadili yake, mantra yake na kumnyenyekea Ishvara, aipate bila kufichwa wala kupunguziwa. Sisi tunaoiheshimu kama njia ya roho hatuoni heshima yoyote katika kuipitisha mlango wa nyuma.

Kwa mameneja wa hoteli na jimu tuna maombi machache. Ratiba zenu zitenganishe kipindi cha mikao na kipindi cha pranayama. Hicho cha pili apewe mtu ambaye yeye mwenyewe amefanya kazi ya pumzi karibu kila siku kwa miaka isiyopungua 2, chini ya mwalimu anayemwona na kumsahihisha. Kwenye usaili msiridhike na picha ya kusimama kichwa chini. Muulizeni afanye nini mwanafunzi akipatwa na ganzi vidoleni, ni nani hapaswi kubana pumzi, na kapalabhati inatofautianaje na bhastrika. Majibu yatawaambia mengi ndani ya dakika 5. Kipindi cha pumzi kisizidi watu 10, na mwalimu alipwe kwa kipindi, si kwa idadi ya vichwa, maana malipo ya vichwa ndiyo yanayojaza ukumbi hadi asiweze kumwona aliye nyuma.

Na wewe unayehudhuria, ukihisi kizunguzungu, acha, lala, pumua kawaida. Huhitaji ruhusa ya mwalimu kufanya hivyo.

Walimu wa yoga,
Dar es Salaam