Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Halmashauri: muhtasari uandike na sababu

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: KUANDIKWA KWA SABABU ZA MAAMUZI KATIKA MIHTASARI YA VIKAO

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Mimi ni mwananchi ambaye kwa miaka kadhaa nimehudhuria vikao vya baraza unaloliongoza, nikikaa kwenye viti vya nyuma vya wasikilizaji, na ninakuandikia kwa heshima zote kuhusu jambo ambalo liko ndani ya uwezo wako kulirekebisha bila kusubiri sheria mpya wala bajeti mpya.

Mbele yangu upo muhtasari wa kikao kilichobadilisha matumizi ya kiwanja cha wazi. Nilikuwepo siku hiyo. Mjadala ulichukua karibu saa mbili. Madiwani wawili walipinga kwa hoja nzito, mmoja wao akiuliza watoto watacheza wapi, na mtaalamu wa ardhi alisimama mara tatu kujibu. Katika muhtasari, saa mbili hizo zimekuwa mstari mmoja: "Wajumbe walijadili na kuridhia." Waliopinga hawakutajwa, kura hazikuhesabiwa, na sababu haipo. Atakayeusoma miaka kumi ijayo ataamini kwamba ukumbi mzima ulikuwa na kauli moja.

Sisemi kwamba uamuzi ule ulikuwa wa hila, na huenda ulikuwa sahihi kabisa. Lakini uamuzi usioandikiwa sababu hauwezi kukatiwa rufaa kwa haki, kwa kuwa mlalamikaji hajui ni hoja ipi anayopaswa kuijibu. Wala hauwezi kutetewa vizuri, hata na ninyi mlioufanya, shauri likifika mahakamani au mkaguzi akiuliza maswali. Tena diwani anayejua kwamba hoja yake itaandikwa na kusomwa na waliomchagua huipima zaidi kabla ya kunyoosha mkono. Hilo nimeliona kwa macho yangu katika vikao vichache ambavyo kura ziliitwa kwa majina: ukumbi ulitulia, na watu walianza kuomba ufafanuzi ambao hawakuwa wameuomba mwanzo.

Jambo hili linakwenda pamoja na muda wa kutoa ajenda. Mara nyingi hubandikwa ubaoni asubuhi ya siku yenyewe ya kikao, nusu yake ikiwa imefunikwa na matangazo ya zabuni, na nyaraka zinazotajwa humo hazionekani popote. Katika jimbo la California nchini Marekani, sheria ya vikao vya wazi iliyotungwa mwaka 1953, kama inavyotumika leo, inataka ajenda ya kikao cha kawaida ibandikwe angalau saa 72 kabla, na baraza haliruhusiwi kuamua jambo lisilokuwemo isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Saa 72 zinamtosha mwananchi kusoma, kumwona diwani wake na kuandaa swali.

Kuhusu maslahi binafsi nitasema kwa ufupi. Nchini Uingereza, tangu sheria ya mwaka 2011, diwani wa England mwenye maslahi ya kifedha yanayopaswa kutangazwa hatakiwi kujadili wala kupigia kura jambo linalomhusu, na anayekiuka bila udhuru wa maana anaweza kushtakiwa kwa jinai. Kwetu ingetosha kuanza na wewe kuwauliza madiwani, kila kikao kinapofunguliwa, kama yupo mwenye maslahi katika jambo lililo kwenye ajenda, na majibu yakaandikwa.

Ninafahamu kwamba yapo mambo yanayostahili faragha, kama nidhamu ya mtumishi, ushauri wa mwanasheria au zabuni ambazo hazijafunguliwa. Sipingi tukitolewa nje. Ninaomba tu kwamba kabla ya mlango kufungwa, sababu ya kuufunga itamkwe mbele yetu na iingie kwenye muhtasari.

Kwa hiyo ninaomba kikao kijacho kipitishe azimio kwamba kila uamuzi uandikwe pamoja na sababu zake, hoja za waliopinga na idadi ya kura, na kwamba ajenda na nyaraka zake zitolewe siku tatu kabla. Iwapo baraza litalikataa ombi hili, ninaomba muhtasari wa siku hiyo ueleze kwa nini.

Wako katika utumishi wa umma,

Mwananchi na mpiga kura